Kulia Kule Siklagi: Neno kwa Waliofiwa Mbali na Nyumbani

Masomo: 1 Samweli 30:1-25; 2 Samweli 1:1-12; Yohana 11:17-36

 Salamu kwa ndugu wa Base Camp, wa Juru na wa Rubondo, kwa waliozaliwa hapa Nakivale na kwa waliofika juzi wakiwa na godoro kichwani. 

Mwezi huu tunaomba kusema nanyi juu ya msiba. Tangu mwezi wa kwanza 2025, Goma ilipotekwa na M23, na Bukavu mwezi uliofuata, hakuna kwaya yetu hata moja ambayo haikupata mtu mwenye kilio. Kabla ya hapo walikuwapo wa Ituri, wa Beni, wa Rutshuru, wa Minembwe, na ndugu zetu Warundi wenye vilio vyao vya zamani. Habari huja kwa simu, mara nyingi usiku. Anayepiga huuliza kwanza kama umekaa. Kisha anasema. Nawe ukiuliza mazishi ni lini, anakujibu kwamba wamekwisha kuzika.

Hapo ndipo uchungu wetu ulipo. Hatukuosha mwili. Hatukutupa udongo. Hatujui kaburi liko upande gani wa njia, na wengine hatujui hata kama kaburi lipo. Je, mtu aliye mbali hivi anaombolezaje? Na imani yetu inampa nguvu gani?

Tumekosa mbele ya mama mmoja

Kabla ya kufundisha, sisi wazee na wahudumu tuna neno la kukiri.

Mama mmoja wa kanisa letu alipata habari kwamba mdogo wake amekufa vitani, na kwamba majirani walimzika siku ileile. Mama alilia sana. Siku ya tatu tulikwenda kumwona, watu watano, na Biblia mkononi. Tulimkuta ameketi chini, bado analia. Tukamwambia, "Mama, inatosha. Mkristo halii kama watu wa mataifa." Tukamsomea 1 Wathesalonike 4:13, tukaomba, tukaaga. Tulirudi nyumbani tukiona tumefanya kazi nzuri.

Baada ya hapo mama hakuonekana kanisani kwa miezi minne. Tulisema kwamba amerudi nyuma. Wengine walisema amekasirika na Mungu. Mwishowe mama mmoja wa idara ya wanawake alikwenda kwake, akakaa naye akimenya maharagwe, bila kumuuliza kitu. Yule mama akamwambia mwenyewe: "Sikumwacha Mungu. Naomba kila usiku. Niliogopa kwamba nikija nitalia tena, na baba wachungaji wameshanikataza."

Maneno haya yalituchoma. Tuliufungua tena mstari ule tuliomsomea. Mtume Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwaambia wasihuzunike kwa namna ya watu wasio na tumaini. Yaani kuna huzuni ya mwenye tumaini, nayo ni huzuni kweli, ina machozi kweli. Sisi tuliukata mstari katikati, tukampa mama nusu inayoumiza. Tumekwenda kwake kumwomba msamaha, naye ametusamehe. Leo tunawaomba msamaha ninyi wote tuliowanyamazisha kwa jina la imani.

Daudi naye alipewa kiwanja ugenini

Kwa hiyo tumerudi katika Maandiko kujifunza upya, na Bwana ametupeleka Siklagi.

Tunamzoea Daudi wa kombeo na Daudi wa kiti cha enzi. Tunasahau Daudi mkimbizi. Alimkimbia mfalme Sauli akijificha mapangoni. Baba yake na mama yake, wazee wasioweza kukimbia, aliwapeleka nchi ya Moabu akaomba mfalme wa huko awapokee (1 Samweli 22:3-4). Mwishowe yeye mwenyewe alivuka mpaka, akaenda kwa Wafilisti. Akamwomba Akishi, mfalme wa Gathi, ampe mahali pa kukaa katika mji mmoja wa mashambani. Akapewa Siklagi, akaishi katika nchi ile mwaka mzima na miezi minne (1 Samweli 27:5-7).

Wapendwa, nani kati yetu haielewi habari hii? Kuvuka mpaka, kuomba mahali, kuonyeshwa kiwanja, kuanza kukata miti ya nyumba. Siklagi palikuwa makazi ya wakimbizi: Daudi, watu wake mia sita, na jamaa zao.

Siku moja wanaume walirudi kutoka safari ya siku tatu. Wakakuta moshi. Waamaleki walikuwa wameuchoma mji na kuwachukua wake, wana na binti. Hawakukuta mtu wa kuwaeleza.

Walilia kwanza

Angalieni Biblia inasema walifanya nini. Daudi na wale mia sita, watu wa vita, walipaza sauti wakalia mpaka hawakuwa na nguvu tena za kulia (30:4). Hakuna aliyesimama kuwaambia kwamba mwanaume halii. Hakuna aliyewakumbusha kwamba Daudi ni mpakwa mafuta wa Bwana na inampasa kuonyesha mfano. Yeye mwenyewe alilia pamoja nao.

Na ile habari ya Daudi kujitia nguvu katika Bwana iko mstari wa sita. Kilio kiko mstari wa nne. Roho Mtakatifu hakuona aibu kuviandika kwa mpango huo.

Tena tumwangalie Bwana wetu pale Bethania. Wapendwa mliozikiwa ndugu bila kuwapo, jueni kwamba Yesu naye alifika mazishi yamepita. Lazaro alikuwa kaburini siku nne (Yohana 11:17). Martha alimwambia wazi kwamba angalikuwapo, ndugu yake hangalikufa. Maria naye akasema vilevile. Yesu hakuwakemea. Alijua kabisa kwamba muda si mrefu atamwita Lazaro atoke, lakini alipomwona Maria analia na waliokuja naye wanalia, yeye pia alilia. Kama tumaini lingekuwa linakausha machozi papo hapo, Yesu asingelia siku ile.

Basi baba, wewe uliyetoka nyuma ya nyumba ili watoto wasione macho yako, rudi ndani. Waache waone kwamba baba anaweza kulia na bado anaomba.

Uchungu unaotafuta mtu wa kupigwa mawe

Baada ya kilio, jambo la hatari lilitokea. Watu walisema Daudi apigwe mawe, kwa sababu nafsi ya kila mtu ilikuwa na uchungu kwa ajili ya watoto wake. Waliochoma mji walikuwa Waamaleki, lakini Waamaleki walikuwa mbali. Daudi alikuwa karibu.

Tunayaona haya hapa kwetu. Mtu akifiwa, siku ya pili maneno yanaanza: nani amemroga? Kwa nini shangazi yake hakuja? Au tunatazama jirani wa kijiji cha pili, tunakumbuka kabila lake, tunaanza kumhesabia damu ambayo hakuimwaga. Naye huenda alikimbia bunduki zilezile, na yeye pia ana kaburi asilolijua. Wapendwa, tusichukue mawe. Uchungu ni wa kweli, lakini jiwe tunalolitupa litampata aliye karibu, wala si aliyetenda. Mwenye hasira aipeleke kwa Mungu kama Martha alivyofanya. Mungu anaweza kuibeba.

Alijitia nguvu katika Bwana

Daudi alifanyaje? Biblia haisemi kwamba aliona maono. Alimwita Abiathari kuhani, akamwambia alete naivera, akamwuliza Bwana: nikiwafuata, nitawapata? Ni hatua ndogo. Hakuuliza habari za mwaka ujao. Hakupewa maelezo kwa nini mji umechomwa. Aliuliza hatua inayofuata, akapewa hiyo, akainuka.

Tena angalieni kwamba hakujitia nguvu peke yake. Alimhitaji kuhani amletee naivera. Watu mia sita waliondoka pamoja naye. Mtu aliyefiwa ambaye hana nguvu ya kuomba, anaweza kumwita mwenzake aombe, yeye akae tu na kusema amina. Hiyo nayo ni imani.

Kwa aliye katika msiba, tunasema hivi: usidaiwe nguvu za mwaka mzima. Omba ya leo. Leo ni kuamka, kunawa, kuchota maji, kupika uji wa watoto. Kesho ina neema yake. Mkumbukeni Eliya alipolala chini ya mti akaomba afe (1 Wafalme 19:4-8). Mungu hakuanza na mahubiri. Alimpa usingizi, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa. Kwa hiyo ukimtembelea mfiwa na sufuria ya maharagwe, unafanya kazi aliyoifanya malaika.

Na kama kuna mtu ambaye majuma yanapita halali, hali, au anawaza kujiua, asifiche. Huo si upungufu wa imani, kama vile malaria si upungufu wa imani. Amwambie mtu anayemwamini, na mtu huyo amsindikize kituo cha afya. Sisi tutaomba, na tutakwenda naye.

Waliobaki kijitoni

Walipofika kijito Besori, watu mia mbili walishindwa kuvuka. Walikuwa wamechoka mno. Daudi hakuwapiga wala kuwaacha kwa laana. Waliachwa pale wakalinda mizigo. Mia nne waliendelea, na njiani walimkuta kijana Mmisri, mgonjwa, ametupwa na bwana wake, siku tatu hajala wala kunywa. Wakamlisha. Huyo ndiye aliyewaonyesha njia. Watu wenye msiba wao mbichi walisimama kumlisha mgeni, na msaada wao ukatokea kwake.

Waliporudi na mateka yote, watu wabaya walisema wale mia mbili wasipate kitu zaidi ya wake na watoto wao. Daudi alikataa. Akaweka amri kwamba fungu la aliyeshuka vitani na la aliyekaa na mizigo yawe sawasawa (30:24-25).

Kanisa letu linahitaji amri hii. Msaada wa chakula umepunguzwa mara kadhaa tangu 2020, na tunajua vikombe vya unga vinahesabiwa. Ndiyo maana mtu asiyekuja kazini shambani mwa kanisa anaanza kusemwa. Mwimbaji akikosa mazoezi majuma matatu, jina lake linafutwa. Lakini tuulize kwanza: huyu ni mvivu, au yuko Besori? Aliyefiwa asiondolewe kwaya. Kiti chake kibaki. Fungu lake la shamba lilimwe na wenzake msimu huu. Siku atakapoweza kuvuka, atavuka.

Siku ya tatu mjumbe alifika

Huenda mtu anasema: Daudi alirudishiwa wote, hakupotea hata mtoto. Mimi wangu hawatarudi. Ni kweli. Tusingependa kuwadanganya kwa kuishia pale. Someni mbele.

Daudi alikaa Siklagi siku mbili baada ya kurudi. Siku ya tatu alikuja mtu kutoka vitani, nguo zimeraruka, mavumbi kichwani (2 Samweli 1:1-2). Hiyo ndiyo simu ya usiku. Sauli amekufa. Yonathani, rafiki aliyempenda kama roho yake, amekufa. Vita vilikuwa kwao, kule nyumbani, na Daudi alikuwa ugenini. Hakuna aliyerudishwa safari hii. Na Daudi hakuwazika. Watu wa Yabesh-Gileadi ndio waliotembea usiku kucha, wakaichukua miili, wakaizika mifupa chini ya mti (1 Samweli 31:11-13).

Daudi alifanya mambo manne, nasi tunaweza kuyafanya.

Kwanza, aliomboleza palepale alipokuwa. Alirarua mavazi, akalia, akafunga mpaka jioni, na watu wote waliokuwa naye wakafanya vivyo hivyo. Hakusema, nitalia nikifika nyumbani. Hakukuwa na mwili, lakini kilio kilikuwa kamili.

Pili, aliwataja waliokufa kwa majina. Alitunga maombolezo, akaagiza wana wa Yuda wafundishwe (2 Samweli 1:17-18). Watoto wetu waliozaliwa hapa hawakumjua babu. Tuwaambie alikuwa mtu wa namna gani, alilima nini, alicheka vipi.

Tatu, aliwatumia shukrani waliozika. Akawabariki watu wa Yabesh-Gileadi kwa wema ule (2 Samweli 2:5-6). Wapendwa, mpigieni jirani aliyemzika ndugu yenu. Alihatarisha maisha yake kuchimba shimo wakati risasi zinalia. Mwambieni asante, mwombeeni kwa jina lake. Mtaona kwamba moyo unapata mahali pa kushika.

Nne, hakusahau. Miaka mingi baadaye, akiwa mfalme, aliichukua mifupa ya Sauli na Yonathani, akaizika katika nchi ya Benyamini, kaburini mwa Kishi, baba yake Sauli (2 Samweli 21:12-14). Hatujui kama Mungu atatujalia hilo sisi wote. Lakini mbele zake hakuna kaburi lisilojulikana. Yeye aliyemwita Lazaro kwa jina, anajua kila aliyelala katika shamba la mihogo, ziwani au kando ya barabara. Siku ya parapanda hataomba mtu amwonyeshe njia. Hilo ndilo tumaini letu, na linasimama hata mtu akiwa na machozi machoni.

Na kwa wale wasiojua kama ndugu yao yu hai au amekufa, mzigo wenu ni mzito kuliko wote. Yakobo alimlilia Yusufu miaka mingi kumbe yu hai Misri. Hatuwaambii mkate tamaa, wala hatuwalazimishi kutumaini kila asubuhi. Kulia na kungoja vinaweza kukaa nyumba moja. Msalaba Mwekundu wana huduma ya kuwatafuta jamaa waliopotezana. Tutamsindikiza yeyote anayetaka kuandikisha jina.

Tulivyokubaliana

Baraza la wazee limekubaliana mambo haya, nasi tunaomba mtuunge mkono:

1. Kila mwenye msiba wa mbali atafanyiwa kilio hapa, jioni moja, sawa na kama mwili ungekuwapo. Jina la marehemu litasomwa, mtu wa jamaa atasimulia maisha yake, tutaimba, tutaomba.

2. Mfiwa asikope pesa wala asiuze chakula chake kwa ajili ya matanga. Kila nyumba ilete ilicho nacho: kikombe cha unga, kuni, au kukaa tu.

3. Kutakuwa na kitabu cha majina kanisani. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tutayasoma.

4. Wazee wakienda kwa mfiwa, hakuna atakayemwambia anyamaze.

Yule mama amekubali jina la mdogo wake liandikwe la kwanza. Jumapili iliyopita alikaa safu ya pili, akalia wakati wa wimbo, na hakuna aliyemgusa bega kumnyamazisha. Ibada ilipokwisha alikwenda kuchukua sufuria zake, kwa sababu kulikuwa na mgeni wa Juru aliyepata simu usiku ule.

Ya kuzungumza nyumbani

Je, kuna mtu katika nyumba yetu ambaye hatujawahi kumlilia pamoja? Nani jirani yetu yuko Besori sasa hivi? Nani alituzikia mtu wetu, nasi hatujamshukuru?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyebebwa mtoto ukakimbizwa Misri, uliyelia kaburini kwa rafiki yako, tazama machozi ya watu wako. Wapokee wapendwa wetu tuliowaacha nyuma na tusioweza kuwazika. Wabariki waliowazika. Tuondolee mawe mikononi. Tupe nguvu ya leo, na kesho utupe ya kesho. Utufikishe siku ile ambayo wewe mwenyewe utafuta kila chozi. Amina.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.

Ndugu zenu katika huduma, wazee na wachungaji.